Nusu ya bei ya nini? Dhana potofu kuhusu hisa za kampuni za mikopo

Dhana: Hisa ikiuzwa chini ya thamani yake ya vitabuni (mali ya kampuni ukitoa madeni), umeshajikinga.

Kwa kiwanda cha saruji, huenda. Lakini anayekopesha wananchi bila dhamana hana mitambo ya kuuza. Mali yake ni ahadi za wateja, na thamani ya ahadi hizo hukadiriwa na menejimenti ileile inayosubiri bonasi. Piga hesabu: mikopo ya 100, madeni ya 80, mtaji wa wenye hisa 20. Ukinunua kwa nusu, umelipa 10 kwa mtaji wa 20. Ikigundulika hasara ya 10 ambayo haikutengewa fedha, punguzo lako limekwisha. Ikifika 20, huna kitu.

Waulize waliokuwa na hisa za African Bank, mkopeshaji wa aina hiyohiyo wa Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2013 wenye hisa walichangia mtaji mpya wa randi bilioni 5.5. Agosti 2014 kampuni ikasema inahitaji nyingine bilioni 8.5, bosi wake Leon Kirkinis akajiuzulu, na katika siku chache hisa ikaanguka kutoka karibu randi 7 hadi senti 31. Tarehe 10 mwezi huohuo Benki Kuu ikaiweka chini ya msimamizi. Mikopo mibovu iliyoandikwa vitabuni kuwa na thamani ya bilioni 17, baada ya kuondoa fedha zilizotengwa kwa ajili ya hasara, Benki Kuu ilikubali kuichukua kwa bilioni 7. Na walionaswa humo hawakuwa wageni wa soko. Mameneja wakubwa wa mifuko ya uwekezaji walikuwemo.

Dhana: Uwiano wa mikopo chechefu ukishuka, mikopo imekuwa bora.

Si lazima. Mkopo huhesabiwa chechefu baada ya siku 90 bila malipo, kwa hiyo mkopo wa mwezi uliopita hauwezi kuwemo. Anayekopesha kwa kasi hukuza jumla na uwiano unapungua wenyewe. Njia nyingine ni kumpa mdaiwa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Mimi hutazama kwanza mikopo iliyotolewa kila mwaka peke yake, inavyolipwa, kisha fedha taslimu zilizokusanywa dhidi ya riba iliyoandikwa kuwa mapato.

Dhana: IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikopo, imemaliza tatizo.

Tangu 2018 hasara hutengewa mapema zaidi. Bado ni makadirio.

Dhana: Basi zote zikimbiwe.

Hapana. Januari 2018 wachambuzi wa Viceroy waliishambulia Capitec, nayo ya Afrika Kusini, kwamba inaficha mikopo mibovu. Hisa ilitikisika vibaya, Benki Kuu ikasema benki ina mtaji wa kutosha, na Capitec ikaendelea kukua. Capitec ilikuwa na amana za mamilioni ya wateja wa kawaida. African Bank ilitegemea hati fungani za wawekezaji wakubwa, ambao wakishtuka hawaongezi hata senti.