Ng'ombe anakula vizuri, mbona joto halionekani? Liangalie ini

Wafugaji wa Kisauni na Likoni huniuliza swali hili mara kwa mara: ng'ombe anakula, maziwa anatoa, lakini joto lake, yaani dalili za kutaka dume, halionekani. Wengi hudhani ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai, zimelala. Huenda ziko macho kabisa, na kinachoficha mambo ni ini.

Kiasi cha homoni kilichomo kwenye damu hakitokani na tezi peke yake. Hutegemea pia homoni hiyo inaondolewa kwa kasi gani, na hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya ini. Chukua estrojeni na projesteroni, homoni za uzazi wa jike. Zina asili ya mafuta, haziyeyuki vyema majini, kwa hiyo figo zenyewe haziwezi kuzitoa kwa urahisi. Vimeng'enya vya ini huzibadilisha umbo, kisha huzibandika asidi ya glukuroniki au salfeti. Hapo nguvu ya kuuamuru mwili huwa imekwisha, na maji sasa yanazipokea: nyingine hutoka na mkojo, nyingine hushuka na nyongo hadi utumbo. Huko wamo bakteria wanaoweza kubandua kilichobandikwa, na sehemu ya estrojeni ikafyonzwa upya.

Turudi bandani. Ng'ombe akila sana, damu inayopita kwenye ini huongezeka, na homoni huondolewa upesi. Estrojeni ndiyo iletayo dalili za joto; ikipungua, dalili hufupika. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa 2004, ulikuta ng'ombe wa maziwa mengi, wa takriban kilo 40 na zaidi kwa siku, wakikaa kwenye joto kwa muda wa saa 6 hivi. Wenzao wa maziwa machache, muda wa karibu saa 11. Kwetu maziwa kama hayo ni nadra, lakini tuna hari ya pwani, nayo hufifisha dalili vilevile.

Tafadhali usimpunguzie chakula kwa sababu hii. Maziwa yatashuka, na ng'ombe aliyekonda anaweza asipate joto kabisa. Mwangalie zaidi: alfajiri, jioni, na usiku kabla hujalala. Joto la saa 6 linaweza kuanza baada ya Isha likaisha kabla mkamaji hajafika.