Pensheni jamii ni ipi, na mgombea akisema "pensheni" anamaanisha ipi?

Kipindi cha kampeni mgombea anapanda jukwaani anasema "nitaboresha pensheni ya wazee wetu", makofi yanapigwa, mwalimu mstaafu anapiga na mzee mvuvi aliyekaa kwenye ndoo pembeni naye anapiga, kumbe kila mtu kasikia la kwake. Maana pensheni ziko mbili na hazina undugu hata kidogo.

Ya kwanza ndo hii tuliyoizoea, ya mstaafu. Ulikuwa na ajira, mshahara ulikatwa kila mwezi ukaenda kwenye mfuko, ukistaafu unapewa mkupuo halafu kinachobaki unalipwa kidogokidogo kila mwezi. Zile kelele za kikokotoo Tanzania, yani hesabu ya mstaafu apate kiasi gani, zilikuwa za hapa: 2018 kanuni mpya zikasema mkupuo uwe asilimia 25 ya mafao yake, wafanyakazi wakawaka, Magufuli akasimamisha Desemba hiyohiyo, 2022 ikaja 33. Ni mjadala mzito sawa, lakini yule mvuvi haumhusu kabisa, hakuwahi kuwa na payslipu maishani mwake.

Ya mvuvi ndo pensheni jamii. Hii hujachangia chochote, serikali inatoa kwenye kodi, kigezo kikubwa ni umri. Zanzibar wameanza Aprili 2016 na wanalipa kwa hela yao wenyewe sio ya wafadhili: ukiwa Mzanzibari mkaazi umefika miaka 70 unapata, haiangaliwi una nyumba ya ghorofa au kibanda cha makuti. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, chini ya Rais Hussein Mwinyi ikapanda kuwa 50,000. Wapo wanaouliza kwa nini na tajiri apewe, mi naona ni sawa tu, ukianza kuchuja nani maskini basi kuna mtu atashika kalamu na orodha, na tunajua orodha za mtaani zinavyoandikwa, mjomba wa mwenye kalamu hakosi.

Kenya walianza kwa kuchuja, wazee maskini wa miaka 65 kwenda juu, halafu 2018 wakafungua kwa kila aliyefika 70 kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa hela wasiojiweza na wazee, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Sasa elfu mbili ya 2018 na elfu mbili ya miaka mitano baadaye sio hela moja, nenda kanunue unga uone. Kwa hiyo mgombea akitaja kiasi, swali la kumuuliza ni kitapandaje bei zikipanda, au tutasubiri kampeni nyingine ndo kiongezwe.

Neno lingine la kusikiliza kwa makini ni "kaya". Kwenye uchaguzi wa Kenya 2022 Raila aliahidi 6,000 kwa mwezi kwa kaya zenye uhitaji, watu wengine wakasikia hela ya wazee. Hapana. Hela ya kaya inaingia nyumbani na bibi anaiomba kama anavyoomba kila kitu kingine, pensheni jamii inaingia kwa jina lake, yeye ndo anaamua mjukuu apate ya daftari au asipate. Ni tofauti kubwa sana na wagombea wanaichanganya, wengine kwa kutojua, wengine wanajua vizuri tu.

Halafu umri. Tanzania mzee ni miaka 60, katiba ya Kenya nayo inasema 60, lakini pensheni jamii ya Zanzibar na ya Kenya inasubiri 70 sababu kila mwaka unaoshusha unaongeza watu wa kulipa. Yani aliyekuwa mtoto wa miaka 8 wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 anafika 70 mwaka 2026. Mgombea akisema "wazee wote" muulize wa kuanzia miaka mingapi, hapo ndo utamuona anatafuta maji ya kunywa.

Na kuna hili dogo ambalo jukwaani silisikiagi: huo umri unauthibitishaje? Bibi cheti cha kuzaliwa hana, anajua tu alizaliwa mwaka wa njaa, na kitambulisho chake kiliandikwa mwaka aliokisia karani akampunguzia miaka sita, kwa hiyo kwenye karatasi ana 66 na mgongo una 72.