Sarafu za Ijumaa si zaka jamani

Ramadhani imebaki wiki tatu na simu zishaanza, na ya kwanza tu ni ileile ya kila mwaka: "Maalim, mimi zaka nshatoa, kila Ijumaa nawagawia maskini pale nje ya msikiti." Kazi yangu ni kukaa na wafanyabiashara hapa Mombasa kuwapigia hesabu ya zaka na haya maneno nimeyachoka, wallahi nimeyachoka.

Ile ni sadaka, endelea nayo, una thawabu zako. Zaka ni deni. Ni haki ya mtu mwengine iliyokaa ndani ya mali yako, ina nisabu yake, yaani kiwango ambacho mali ikikifika ndipo zaka inakulazimu (thamani ya dhahabu gramu 85 au fedha gramu 595, mimi nawasukuma watu kwenye ya fedha kwa sababu hapo wengi zaidi watatoa), mwaka wa Kiislamu uzunguke, halafu 2.5%. Haitolewi kwa kukisia wala kwa kupapasa mfuko wa kanzu.

Mwaka jana nilikaa na bwana mmoja wa duka la vitambaa. Mzigo dukani kwa bei ya kuuza leo, si ya kununulia (hapo pia huwa tunagombana), milioni 6, benki milioni 2.4, madeni anayojua atalipwa laki 8, na yeye anadaiwa mzigo wa milioni 1.2. Inabaki milioni 8, zaka yake laki 2. Haya, sarafu za Ijumaa? Anachenji 1,000, sarafu 50 za ishirini ishirini, mwaka mzima 52,000. Hata tukimhesabia zote, na hatuwezi maana hakuzinuilia zaka, bado kakalia 148,000 za watu. Huo ni mwaka mmoja, na duka lina miaka kumi.

Sasa kwenye foleni yake ileile ya Ijumaa kuna mama mmoja analala na watoto wawili barazani kwa duka lililofungwa. Chumba chake kiko Kisauni, landilodi alikitia kufuli kwa kodi ya miezi 2, sufuria na godoro vimo ndani mpaka leo. Ili arudi anataka 8,000 za nyuma na 4,000 za mwezi mpya. Kwa ishirini moja kila Ijumaa, na asile kitu, ni Ijumaa 600, yaani miaka kumi na moja na nusu, wakati ile 148,000 ingefungua milango 12 kama wake. Nilimpigia yule bwana wa vitambaa hesabu hii mbele yake kwenye kalkuleta, akaivuta akapiga tena mwenyewe.

Mengine nayapita mbio.

"Nshatoa pishi yangu ya mchele." Hiyo ni fitra, chakula cha kuwapa maskini Ramadhani ikiisha. Zaka ya mali ni nyengine kabisa.

"Fleti za kupangisha hazina zaka." Jengo halina, kweli. Kodi unayokusanya ikikaa mwaka na nisabu imefika, inayo. Wenye fleti huwa wanaskia nusu ya kwanza tu.

"Ukiwapa pesa wananunua gluu ya kunusa." Wengine ndio. Basi mwambie akupe idhini umpelekee landilodi kwa niaba yake, pesa inakuwa yake na wewe ni mjumbe tu, na uchukue risiti.

"Wale si wa dini yetu, wametoka bara." Zaka, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni ya Waislamu, lakini sadaka haiulizi dini, na huko bara kwani hakuna Waislamu?

"Hiyo ni kazi ya serikali." Hesabu ya 2018 ilikuta watu 46,639 wanaishi mitaani Kenya nzima, Mombasa ikawa ya pili baada ya Nairobi. Saa hii watu wanakatwa 1.5% ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, sawa, ila kujiandikisha wataka kitambulisho, na cha yule mama kiko Kisauni chini ya godoro, nyuma ya kufuli.

Na hii ya kungoja Ramadhani mtu mwaka wake wa zaka unatimia mwezi wa Rajabu! Ukitimia Rajabu toa Rajabu, malandilodi hawangoji mwezi mtukufu. Ukija kwangu njoo na daftari la duka, lile la kweli, si lile unalowaonyesha KRA, watu wa ushuru.