Eti bingwa anajulikana mapema

Kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, maneno ni yale yale: mechi za gemu za wachezaji wa kulipwa zimepoa, mshindi anajulikana kabla hawajakaa vitini. Naelewa yanakotoka. T1 ya Korea Kusini imebeba ubingwa wa dunia wa League of Legends, gemu la kompyuta la timu mbili kupambana, mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025, na fainali ya 2023 iliisha 3-0. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.

Lakini tazama 2022. DRX, timu ya nne ya Korea, walianzia hatua ya mchujo. Robo fainali walikuwa nyuma 2-0 mbele ya EDG, mabingwa watetezi, wakapindua 3-2. Kule San Francisco, kwenye fainali, wakaichapa T1 hiyo hiyo 3-2. Na fainali za 2024 na 2025? Zote 3-2.

Tena gemu lenyewe halitulii: karibu kila wiki mbili Riot Games, kampuni inayolitengeneza, hugusa nguvu za wahusika, na mbinu ya jana ikawa butu. Kinachochosha, nadhani, ni zile dakika 10 za mwanzo za kuviziana. Hizo huchosha kweli, ila hazimtaji mshindi.