Klia ya gari kubanduka: maana yake na marekebisho yake

Rangi ya gari ni matabaka. Juu ya bati kuna praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa hupigwa klia: tabaka angavu lisilo na rangi. Mng'ao wote ni wa klia. Rangi iliyo chini yake haing'ai, hata ikiwa mpya. Matabaka yote ya kiwandani kwa kawaida hufika maikroni 100 hadi 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja), na klia ni sehemu tu ya hizo, kwa hiyo ni nyembamba kuliko unywele.

Klia hubanduka inapoacha kushikamana na rangi. Mharibifu mkuu ni jua. Kiwandani huchanganywa kemikali za kuzuia mionzi ya urujuanimno, lakini nazo huisha miaka inavyopita. Ndiyo maana boneti, paa na buti hutangulia kuharibika ilhali milango bado ni mizuri. Kwanza mng'ao hufifia, halafu huja mabaka meupe, mwisho klia huinuka na kutoka kama magamba.

Hapo polishi haisaidii tena, hata muuzaji aseme nini. Polishi hung'arisha kwa kukwangua klia kidogo. Pasipo na klia, unaikwangua rangi. (Magari ya zamani sana mengine hayakupigwa klia kabisa. Sugua sehemu ndogo kwa polishi na kitambaa cheupe: kitambaa kikishika rangi ya gari, klia haipo, na rangi ya aina hiyo mara nyingi hung'arika vizuri.)

Kupiga klia mpya kwenye baka tu kunawezekana. Kingo husuguliwa kwa msasa wa maji mpaka kidole kisihisi ngazi, kisha klia hupigwa mikono kadhaa myembamba. Tatizo ni kwamba ukingo unaouona si mwisho wa ugonjwa. Klia iliyo jirani nayo imechoka, na mara nyingi mbanduko huanza tena palepale kwenye maungio. Kwa gari unalotaka kuliuza au kulitumia muda mfupi, sioni ubaya.

Kazi ya kudumu ni kushughulikia kipande kizima, mfano boneti yote: klia mbovu isuguliwe iishe, rangi ipigwe upya, kisha klia. Usikubali kurukiwa hatua ya rangi. Klia haishiki vizuri kwenye rangi iliyokaa juani, na rangi za metali (zenye chembe zinazometameta) zikiguswa na msasa huacha madoa ambayo klia huyafanya yaonekane zaidi.

Klia inayochanganywa na hadina (kemikali ya kuikausha iwe ngumu) ndiyo imara, na petroli ikimwagika haiiharibu upesi kama klia ya kopo la kawaida la kupuliza. Lakini hadina ina isosaiyaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Barakoa ya vumbi haiizuii. Mpigaji anahitaji kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje, na asiye nacho afanye msasa mwenyewe, kisha amwachie fundi rangi upigaji.