Grola ni chombo cha kubebea, si cha kuwekea: chupa kubwa za bia katika joto la Mombasa

Bwana mmoja wa Bamburi alinipigia simu mwezi wa Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mwalimu, samahani kwa kukuamsha. Kuna kitu kimelipuka jikoni, na mtungi wa gesi nimeukagua uko sawa." Nikamwuliza juu ya friji kulikuwa na nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kulikuwa na chupa ya bia. Ile kubwa."

Alikuwa amejaziwa chupa mbili Ijumaa jioni. Moja ilinyweka usiku uleule. Ya pili alitaka kuiweka kwenye friji, lakini friji ilikuwa imejaa samaki wa wageni wa Jumapili, basi akaiweka juu yake, mahali ambapo joto la mashine hupanda mchana kutwa. Kigae kimoja cha kioo kilikutwa kimejichomeka kwenye fremu ya mlango, kimo cha kifua cha mtu mzima. Bahati yao wote walikuwa wamelala.

Chupa hizo ndizo zinazoitwa grola. Ni chupa ya kioo, aghalabu ya rangi ya kahawia, yenye ujazo wa karibu lita 1.9 na kishikio kidogo shingoni, ambayo mtu hupeleka kwenye kiwanda kidogo cha bia au baa yenye mabomba, akajaziwa, akaenda kunywea nyumbani. Asili yake ni Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa huko walichota bia ya baa kwa ndoo za bati zenye vifuniko, na wapo wanaosema jina lilitokana na ngurumo ya gesi ikitoroka chini ya kifuniko. Grola ya kioo tunayoijua leo ilianza mwaka 1989 katika jimbo la Wyoming, kwa kiwanda kidogo cha Otto Brothers ambacho hakikuwa na mashine ya kujaza chupa za kawaida. Wyoming ni nchi ya milima na theluji. Mtu akitoka na chupa yake dukani, baridi ya njiani peke yake humsaidia kuitunza. Sisi chupa ileile tunaipakia kwenye tuktuk saa nane mchana.

Msomaji usiyekunywa pombe, nawe yakuhusu. Ukikaza kifuniko cha tangawizi ya kuchachusha nyumbani, au maji ya ukwaju yaliyosahauliwa siku tatu mezani, kinachotokea ndani ni kilekile.

Bia ni kinywaji kilichomeza gesi. Lita moja ya bia ya kawaida hubeba takriban lita mbili na nusu za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo grola iliyojaa ina karibu lita tano za gesi zilizokunjwa humo ndani. Ikiwa baridi, bia huishikilia gesi yake. Ikipata joto huiachia, na kwa kuwa kifuniko kimekazwa, gesi haina pa kwenda, presha inapanda. Tulinganishe na kitu ambacho kila dereva anakijua. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hadi 35. Grola ya bia isiyopoteza gesi yake, ikiwa kwenye friji kwa nyuzi 3 za Selsiasi, ina presha ya paundi 11 hivi. Ikifika nyuzi 30, ambazo hapa ni joto la kawaida la jikoni mchana, hukaribia paundi 38, yaani tayari imelishinda tairi. Ndani ya buti la gari lililoachwa juani ikafika nyuzi 50, inapita paundi 60. Tairi ni mpira wenye nyaya ndani. Hii ni kioo.

Hapo watu huniuliza: mbona chupa ya kawaida ya nusu lita huanikwa juani kwenye kreti na haipasuki? Swali zuri, na jibu liko kwenye umbo. Presha ikisukuma ukuta wa chupa kutoka ndani, mvutano unaoupata ule ukuta hukua pamoja na upana wa chupa. Chupa ya nusu lita ina kipenyo cha sentimita 7 hivi, grola hukaribia 12. Unene wa kioo ukiwa uleule, ukuta wa grola unavutwa karibu mara mbili zaidi kwa presha ileile. Ndiyo sababu chupa za shampeni, ambazo hubeba presha kubwa kuliko bia, hutengenezwa kwa kioo kizito ajabu na kitako kilichobonyea ndani. Grola nyingi hazikutengenezwa kwa hesabu hizo. Zilitengenezwa zibebe bia baridi kutoka bombani hadi mezani, siku hiyo au kesho yake. Rangi ya kahawia huizuia bia isiharibiwe na mwanga, haiongezi nguvu yoyote.

Kisha kuna mikwaruzo. Kioo kipya, laini, kina nguvu kuliko tunavyodhani; kinachokimaliza ni majeraha madogo kwenye uso wake. Mvutano wote hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo, kama kitambaa kinavyochanika kuanzia pale ulipokikata kidogo. Sasa angalia tunavyoosha vyombo. Mchanga, sufi ya chuma, na chupa mbili zikigongana ndani ya karai. Grola iliyosuguliwa namna hiyo kwa mwaka mzima inaweza kujazwa mara 20 salama, ikapasuka ya 21, na mwenyewe akaapa kwamba chupa haikuwa na tatizo. Ioshe kwa maji vuguvugu na brashi laini mara tu inapokwisha, kabla mashapo hayajakauka. Usiimwagie maji yanayochemka kisha ukakimbilia kuijaza bia ya baridi kali: tofauti ya ghafla ya nyuzi 40 hivi inatosha kukipasua kioo cha kawaida. Kabla ya kuijaza, ielekeze kwenye mwanga, pitisha kidole mdomoni na uitazame vizuri pale kishikio kinapoungana na shingo. Ukiona ufa, hata wa nywele, weka maua humo.

Jambo la tatu lina mizizi katika tabia yetu ya sokoni. Mteja wa Mombasa anapenda nyongeza. Muuza maharagwe hukutilia kiganja cha ziada, muuza madafu hukukatia na nyama yake. Kwa hiyo mteja akiona bia imeishia chini ya shingo, hulalamika kwamba amepunjwa na kutaka chupa ijazwe pomoni. Hapo anajinunulia hatari. Bia ikipata joto hutanuka, na kimiminika hakibonyezeki kama hewa. Chupa ikiwa haina nafasi juu, mtanuko huo unausukuma ukuta wa kioo moja kwa moja, na presha hupanda juu ya zile paundi nilizotaja, tena kwa kasi. Mwongozo unaokubalika ni kuacha nafasi ya asilimia 5 ya ujazo, yaani kwa grola kubwa karibu mililita 100, nusu kikombe cha chai. Muuzaji anayekuachia nafasi hiyo hajakuibia. Ukitaka nyongeza, mwombe akumiminie kwenye glasi.

Lakini chupa ninazoziogopa kuliko zote ni zile ambazo bado zinachachuka. Hamira ikikutana na sukari ndani ya chupa iliyofungwa, hutengeneza gesi mpya juu ya ile iliyokuwapo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4 hivi, kwa kila lita ya bia kinatosha kuongeza lita nyingine nzima ya gesi katika kila lita hiyo. Vijiko viwili, kwenye joto la nyuzi 30, vinaweza kuipandisha presha kupita paundi 70. Siku hizi watengenezaji wa bia ndogondogo hupenda kutia matunda, na huku kwetu matunda yenyewe ni embe, pasheni na ukwaju. Bia ya embe ni tamu, sikatai. Lakini rojo la embe likitiwa mwishoni, sukari yake ikiwa haijaliwa na hamira bado ikiwa hai, hiyo ni bia ambayo haijamaliza kazi. Baridi huilaza hamira, joto huiamsha. Mwulize muuzaji swali moja: tunda lilitiwa kabla ya kuchachuka au baada yake? Akisitasita, inywe hapohapo dukani.

Wagema wa Pwani walilijua jambo hili kabla ya maabara yoyote. Mnazi huanza kuchachuka tangu ukiwa juu mtini, na hauachi. Ndiyo maana chombo chake huzibwa kwa makumbi, au kifuniko huachwa kimelegea, gesi ipate njia. Sijapata kumwona mgema aliyekaza mtungi wa mnazi kwa nguvu zake zote akaupakia kwenye matatu. Sisi tuliosoma ndio tunaofanya hivyo.

Kuhusu vifuniko, sina mengi. Kifuniko cha plastiki cha kuzungusha mara nyingi huvujisha kidogo presha ikizidi, na watu hukilaumu kwa sababu bia hupoa ladha. Mimi naona hiyo ni afadhali. Vile vya waya na mpira hubana sana. Kuna pia chupa za mapambo zenye vifuniko vya waya, nyingine za pembe nne, zinazouzwa kwa kuwekea mafuta, siki au juisi. Zinapendeza rafuni. Zisitiwe bia wala kinywaji chochote chenye gesi, kwa sababu presha huchagua pembe na ubapa, na chupa hizo hazikupimwa kwa presha. Anayechachusha tangawizi nyumbani atumie chupa ya plastiki ya soda: ukiibonyeza na ikawa ngumu kama jiwe, unajua wakati umefika, na hata ikishindwa haitupi vigae. Anayependa grola na ana uwezo, zipo za chuma kisichoshika kutu.

Friza nayo si kimbilio. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, na bia ya kawaida huanza kuganda nyuzi mbili tatu chini ya sifuri. Grola ikae kwenye friji ya chini, wima, na stima ikipotea usiku kucha iwe kitu cha kwanza kutiwa kwenye boksi la barafu. Ukivuka feri ya Likoni, usiiache kwenye buti huku foleni ikijikokota. Iwe ndani ya boksi lenye barafu, imefungwa taulo, si kwenye mapaja ya mtu na mbali na watoto.

Yule bwana wa Bamburi alinipigia tena siku ileile alasiri. Rafiki aliyekwenda naye dukani alikuwa na chupa yake kwenye buti tangu Ijumaa, gari liko juani, sasa ameogopa hata kufungua. Nilimwambia asiliendeshe. Wangoje kivuli kifike au jua litue, na buti lifunguliwe baada ya saa kadhaa, jioni gari likiwa limepoa. Atakayefungua avae miwani na nguo nene ya mikono mirefu, asimame pembeni, asiinamie. Chupa ifunikwe kwa taulo nzito iliyoloweshwa kabla mkono haujaigusa, isitikiswe, ihamishiwe na taulo lake kwenye ndoo, kisha barafu ipangwe kando pole pole na iachwe hadi asubuhi. Ikishapoa kabisa, kifuniko kilegezwe robo mzunguko juu ya taulo, kisubiriwe kimalize kufoka, kilegezwe tena.

Akaniuliza, na ikiwahi kupasuka mkononi? Nikamwambia kigae kilichozama kwenye nyama kisichomolewe: gandamiza kandokando yake kwa kitambaa safi na uende hospitali. Jicho lililoingiwa na kigae lisisuguliwe wala lisioshwe. Lifunikwe kwa kikombe cha karatasi bila kuligandamiza, na mgonjwa apelekwe upesi akiwa ameketi.

Asubuhi yake nilipata ujumbe. Kifuniko kilikuwa kimefoka karibu dakika mbili.