Je, wajua kwa nini mnyama mwenye sumu kali kuliko wote asingeshinda pambano?

Ni mchezo unaopendwa na wakubwa kwa wadogo: kila mtu huchagua mnyama hatari, wanyama hao hupambanishwa kichwani wawili wawili, kisha ubishi huanza juu ya nani angebaki amesimama. Anayechagua kwanza mara nyingi humkimbilia nyoka mwenye sumu kali kuliko wote. Uchaguzi huo huonekana wa busara mpaka mtu ajiulize swali ambalo kwa kawaida husahauliwa, nalo ni kwamba mnyama huyo humuua nani, na kwa muda gani. Mbu hueneza malaria, ugonjwa unaoua zaidi ya watu 500,000 kila mwaka, na kwa hesabu hiyo hakuna mnyama wa porini anayemkaribia; hata hivyo hakuna anayemtaja mbu katika mashindano haya, kwa sababu sote tunajua kwamba mpinzani angemponda muda mrefu kabla ya kuugua.

Tatizo la mbu ndilo tatizo la nyoka, ila kwa nyoka halionekani upesi. Tumchukue taipani wa nyanda kame za katikati ya Australia, ambaye sumu yake, kwa vipimo vilivyofanywa kwa panya, ni kali kuliko ya nyoka mwingine yeyote wa nchi kavu. Vipimo hivyo hutafuta kiasi cha sumu kinachotosha kuua nusu ya panya waliodungwa. Havielezi mnyama mkubwa angekufa baada ya dakika ngapi, wala angeweza kufanya nini katika dakika hizo. Sumu ya nyoka lazima ipenye ngozi, isambae mwilini, ifike kwenye neva na misuli, na ndipo ianze kuzuia pumzi. Mtu aliyeumwa na koboko asipotibiwa anaweza kuishi kwa saa kadhaa. Nyati au tembo aliyeumwa angekuwa na nafasi ya kutosha ya kumkanyaga nyoka huyo, na pambano lingekwisha hapo, hata kama mshindi naye angekufa baadaye. Porini ucheleweshaji huo haumdhuru nyoka, kwa kuwa mawindo yake ni wanyama wadogo wanaolegea haraka, na wengine anaweza kuwauma, akawaachia, kisha akawafuata kwa harufu.

Zaidi ya hayo, sumu humtegemea anayeipokea. Sehemu ya sumu ya nyoka wa jamii ya swila hufanya kazi kwa kujibandika kwenye vipokezi vya misuli, yaani protini zinazopokea amri kutoka kwenye neva. Vipokezi vikizibwa, msuli hausikii tena amri na mnyama hupooza. Kwa nyegere na nguchiro, vipokezi hivyo vina umbo lililobadilika kidogo, kiasi kwamba sumu hiyo haishiki vizuri. Silaha ambayo ingemlaza mnyama mwingine wa uzito uleule hupoteza makali yake mbele ya nyegere, na ndiyo maana mimi ningemweka nyegere juu ya nyoka yeyote bila kusita. Chura wa dhahabu wa misitu ya Colombia ana shida nyingine: sumu yake imo kwenye ngozi, hivyo mpinzani lazima amguse au amuume kwanza, na tena huipata kutokana na wadudu anaowala, hata wale wanaozaliwa na kufugwa mbali na msitu hawana sumu hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba mnyama mdogo mwenye nguvu za ajabu angekuzwa tu afikie ukubwa wa wengine. Mfano wao mzuri ni kamba wa baharini mwenye mikono kama ya vunjajungu, anayepiga kwa mwendo unaofikia mita 23 kwa sekunde ndani ya maji. Kasi hiyo huzua viputo ambavyo vikipasuka humpa konokono pigo la pili, na gamba lake huvunjika. Ni kiumbe wa kustaajabisha, lakini hawezi kukuzwa. Mwanasayansi Galileo alikwisha eleza mwaka 1638 kwamba urefu wa mwili ukiongezwa mara mbili, uzito huongezeka mara nane ilhali eneo la mkato wa mifupa inayoubeba, ambalo ndilo huipa nguvu, huongezeka mara nne tu. Kamba wa ukubwa wa ng'ombe angeshindwa hata kujibeba.

Kinachobaki kuamua ni uzito, na hapo nchi kavu haina ubishi mkubwa: dume la tembo wa Afrika hufikia kilo 6,000, takriban mara thelathini ya simba dume, na akishakomaa karibu hakuna mnyama anayemwinda isipokuwa binadamu. Kwa mapambano ya ukingoni mwa mto ningemfikiria mamba wa maji ya chumvi, ambaye nguvu ya taya zake imepimwa na kupita nyutoni 16,000.

Baharini ningemchagua nyangumi muuaji, na hapo ndipo kanuni ya kukimbia, yaani kama anayekimbia ahesabiwe ameshindwa, inapohitaji kuamuliwa mapema. Wanasayansi John Maynard Smith na George Price walionyesha kihesabu mwaka 1973 kwa nini wanyama wa aina moja hupigana kwa kujizuia: anayepigana kufa na kupona huhatarisha kuumizwa vibaya, na hasara hiyo mara nyingi huzidi faida. Kwa sababu hiyohiyo ya kuepuka madhara, wanyama wengi uwanjani wangeondoka tu. Mwezi Oktoba 1997, karibu na visiwa vya Farallon katika pwani ya California, nyangumi muuaji alimkamata papa mweupe na kumuua, na baada ya hapo papa weupe wengine wakatoweka katika eneo hilo. Iwapo mashindano yanahesabu kukimbia kuwa ni kushindwa, nyangumi huyo alishinda mapambano mengi siku hiyo, ingawa aliuma papa mmoja tu.